Kiwanda cha vipodozi cha serikali kinauzwa? Anza kukagua jina, mashine baadae

Kiwanda cha serikali kikitangazwa kuuzwa kila mtu anakimbilia kuulizia mashine na kiwanja, mashine zina umri gani, eneo ni ekari ngapi, nani kapewa na kwa shilingi ngapi. Kwa kiwanda cha saruji au sukari hayo maswali yanakufikisha mbali tu. Cha vipodozi ni habari nyingine. Humo ndani utakuta matangi ya kuchanganyia, mashine ya kujaza makopo, boila na kamaabara kadogo, vitu ambavyo mwenye hela yake anaagiza na kufungiwa bila shida yoyote. Hela yenyewe iko kwenye jina lililoandikwa kwenye kopo, lile jina ambalo bibi alilipaka, mama akalipaka na wewe ukienda dukani unalitaja bila hata kufikiria.

Kwa hiyo maelezo haya ni kwa ajili ya mfanyakazi wa kiwanda kama hicho, au jirani yake, au mtu anayewaza kununua hisa, au wewe tu mlipa kodi unayetaka kujua mali yenu inaenda wapi. Mifano mingi nitaitoa Poland, Romania na iliyokuwa Ujerumani Mashariki, sababu wale ndo waliouza viwanda vya vipodozi na sabuni kwa fujo miaka ya 90 na matokeo yapo wazi mpaka leo. Taratibu za kukagua nitazileta kwetu, Tanzania na Kenya.

Jina ni la nani

Hapa usiwe na haraka, maana asilimia kubwa ya mchezo iko hapa.

Chukua mfano wa Nivea. Krimu ilianza kuuzwa 1911 na kampuni ya Beiersdorf ya Hamburg, Ujerumani, na kabla ya vita kuu ya pili walikuwa na kampuni yao Poland. Vita vikaisha, mali za Wajerumani zikachukuliwa, na jina likachukuliwa pamoja nazo. Kuanzia hapo Wapoland wakaendelea kupaka Nivea inayotengenezwa Poznań na kiwanda cha serikali, ambacho baadae kilijulikana kama Pollena-Lechia, na Hamburg hawaambulii kitu. Na sio Poland peke yake, Uingereza jina lilikuwa mikononi mwa kampuni nyingine kabisa, Smith & Nephew, mpaka Beiersdorf walipolinunua tena 1992. Sasa serikali ya Poland ilipofika hatua ya kuiuza Pollena-Lechia, mnunuzi akawa nani? Beiersdorf hao hao, mwaka 1997. Walikuwa wanalikomboa jina lao wenyewe.

Fikiria wewe ndo umekaa kwenye kamati ya kuuza, umeletewa ripoti ya tathmini inasema matangi yamechakaa, paa linavuja, mashine ya kujazia ni ya zamani, bei iwe kiasi hiki. Ukisaini umeliwa. Mnunuzi wako hana sehemu nyingine duniani ya kulipata hilo jina kwa soko la nchi yako, wewe ndo muuzaji pekee, paa linavuja au halivuji. Swali la kwanza kwenye uuzaji wowote wa namna hii ni: nani analihitaji hili jina na hawezi kulipata kwingine? Ukilijibu hilo umejua bei inapotakiwa kuanzia.

Namna ya kukagua ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Tanzania Bara alama za biashara, yaani haya majina ya bidhaa, zinasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, Zanzibar wana daftari lao BPRA (ni mawili tofauti, jina linaweza kuwa limelindwa Bara na Zanzibar liko wazi, watu wanasahau sana hili), na Kenya ni KIPI. Omba kutafutiwa jina la bidhaa kwenye daraja la 3, hilo ndo daraja la kimataifa la vipodozi, sabuni na manukato. Ukipata jibu angalia vitu vitatu. Mmiliki ni nani, kampuni ya kiwanda, wizara, au kampuni fulani ya nje ambayo hata hujawahi kuisikia. Usajili unaisha lini, maana Tanzania usajili wa kwanza ni miaka 7 halafu unahuishwa kwa 10 10, Kenya ni 10 toka mwanzo, na viwanda vya umma vikishaanza kuyumba ada ya kuhuisha ndo kitu cha kwanza kusahaulika, jina linabaki halina mwenyewe na mjanja yeyote anaenda kulisajili. Na cha tatu, je, umiliki umehamishwa karibuni? Kama jina lilihama kutoka kiwandani kwenda kwa kampuni nyingine muda mfupi kabla ya tangazo la kuuza, hapo usikae kimya, maana kinachouzwa sasa ni ganda tu, kiini kishaondoka.

Alama ya biashara inalindwa nchi kwa nchi. Kama mafuta yenu yanauzika Lubumbashi au Kampala, ulizia na huko limesajiliwa kwa jina la nani.

Baada ya daftari, nenda dukani. Nunua bidhaa, geuza kopo, soma maandishi madogo ya nyuma. "Imetengenezwa na" kiwanda fulani ni habari njema. "Imetengenezwa kwa leseni ya" maana yake jina ni la mtu mwingine na kiwanda kinalipa ili kulitumia, siku mwenye jina akiondoka kiwanda kinabaki na matangi. "Imetengenezwa kwa ajili ya" hapo kiwanda ni kibarua kabisa. Bidhaa za kiwanda kimoja zinaweza kuwa na maandishi tofauti, kwa hiyo zigeuze zote, usikague moja ukaridhika. Pale Waldheim, Saxony, kiwanda cha Florena cha Ujerumani Mashariki kilianza 1989 kutengeneza Nivea kwa leseni huku kikiendelea na krimu yake mwenyewe ya Florena. Mwaka huo huo ukuta wa Berlin ukaanguka na Nivea halisi ya Hamburg ikawa inaingia madukani yenyewe. Kilichokibakizia thamani ni Florena, jina lake mwenyewe, na mwaka 2002 Beiersdorf wakakinunua pamoja na jina.

Halafu kuna fomula. Kiwanda cha Farmec kule Cluj, Romania, toka 1967 kinatengeneza krimu za Gerovital H3, zilizotokana na utafiti wa daktari Ana Aslan aliyepata umaarufu kwa dawa zake za kuzuia uzee. Mtu akinunua kiwanda kama hicho ananunua daftari la mapishi na watu wanaojua kulisoma. Uliza fomula imeandikwa wapi, kwa jina la nani, na mkemia mkuu anabaki au anaondoka. Mkemia akiondoka na daftari kwapani hakuna mahakama itakayokurudishia.

Njia ya kuuza inakuambia nani atakula

Kuna njia kadhaa na kila moja ina ujanja wake.

Ya kwanza ni kumpa mwekezaji mkubwa. Poland walikuwa na mtandao mzima wa viwanda vya sabuni na vipodozi vyenye jina la Pollena. Ukagawanywa vipande vipande: cha Bydgoszcz kikachukuliwa na Unilever 1991, cha Racibórz kikaenda kwa Henkel, cha Nowy Dwór kikaenda kwa Benckiser, cha Wrocław kikanunuliwa na Cussons 1993, ndio, hao hao wa Imperial Leather tunayoijua huku. Ukiangalia hiyo orodha unaona kila mnunuzi tayari alikuwa na bidhaa zake za aina ile ile. Sio dhambi, mtu wa sabuni atanunua kiwanda cha sabuni, ila hapo ndo pa kuuliza swali la kuudhi: huyu ananunua ili azalishe, au ananunua ili apate nafasi kwenye rafu na mtandao wa mawakala halafu chapa ya nyumbani aiache ife taratibu? Dalili ya kuangalia ni kama ana kiwanda kingine nchi jirani kinachotengeneza kitu kile kile na bado hakijajaa kazi. Kama anacho, andika kwenye mkataba jina la bidhaa na kiasi cha kuzalisha hapa hapa, vinginevyo baada ya miaka miwili mtaletewa makatoni.

Ya pili ni kuwauzia wafanyakazi. Romania walitunga sheria namba 77 ya mwaka 1994, wafanyakazi wanaunda chama, chama kinanunua hisa kutoka Mfuko wa Mali za Serikali na kulipa kidogo kidogo kwa awamu. Farmec ilibinafsishwa kwa njia hiyo 1995, na mpaka leo ni kampuni ya Kiromania na inazalisha Cluj. Mimi binafsi hii njia naipenda kwa kiwanda cha vipodozi kuliko cha chuma, sababu haidai mtaji wa kutisha na wanaojua siri ya bidhaa ndo hao hao wanaonunua. Ila ina tundu lake, mfanyakazi wa mashine akibanwa na ada ya mtoto anauza hisa zake kwa bei ya njaa na anayezinunua ni meneja wake, baada ya miaka michache "kiwanda cha wafanyakazi" kina wenyewe watano. Kwa hiyo kwenye katiba ya chama wekeni kabisa mtu akitaka kuuza anauza kwa nani na bei inapangwaje.

Ya tatu ni soko la hisa. Kwetu TBL, kampuni ya bia, ndo mfano wa wazi, serikali ilianza kwa kuingiza mwekezaji 1993 halafu 1998 wananchi wakauziwa hisa na kampuni ikaingia soko la Dar es Salaam. Kwa mtu mdogo njia hii ina faida moja kubwa, kabla ya kuuza lazima watoe waraka wa matarajio, na humo wanalazimika kuandika madeni, kesi zilizopo mahakamani na nani anamiliki alama za biashara. Usisome zile picha za mwanzo za mkurugenzi anatabasamu, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya hatari na sehemu ya mikataba muhimu.

Halafu ipo ile ya bei ya kutupa. Ujerumani Mashariki wakala aliyekabidhiwa mashirika ya umma, Treuhandanstalt, alikuwa na mashirika kama 8,500 yenye wafanyakazi karibu milioni 4, na mengine yaliuzwa kwa Marki 1. Ukisikia hivyo unasema wizi mtupu, na wapo waliolia hivyo na hawakukosea, ila mantiki yake ni kwamba mnunuzi anachukua na madeni na kuahidi ajira na uwekezaji. Bei ya kutupa sio tatizo lenyewe. Tatizo ni ahadi isiyo na meno, tuje huko.

Kwenye mkataba tafuta namba, tarehe na faini

Tanzania tunalijua hili vizuri sana. Tume ya PSRC ilipewa kazi ya kubinafsisha kuanzia 1992, mashirika mengi yakauzwa, mengine yakafufuka kweli na mengine yakageuka maghala, mashine zikakatwa zikauzwa chuma chakavu. Awamu ya tano, ya Magufuli, ilipoingia serikali ikaanza kuwanyang'anya walioshindwa masharti. Lakini kumnyang'anya mtu kiwanda kilichobaki kuta ni kazi ya hasara, watu wa mapishi washatawanyika na jina lishasahaulika.

Kwa hiyo sharti lolote lisome hivi: lina namba? lina tarehe? lina faini? kuna mtu mwenye jukumu la kukagua? "Mwekezaji ataendeleza ajira kadiri inavyowezekana" hilo tupa kule. "Mwekezaji atabaki na wafanyakazi wasiopungua idadi fulani hadi tarehe fulani, akipunguza atalipa kiasi fulani kwa kila nafasi" hilo ndo sharti. Wajerumani kwenye mikataba yao mingi waliweka faini za ajira na uwekezaji, na Treuhand ilipofungwa mwisho wa 1994 waliacha taasisi nyingine ya kuendelea kufuatilia mikataba, hawakuondoka wakazima taa.

Kwa kiwanda cha vipodozi ongezeni masharti mawili ambayo kwenye mikataba ya kawaida hayamo. Moja, jina la bidhaa lisihamishwe kwenda kampuni nyingine, hata kampuni mama, bila kibali cha serikali kwa muda uliotajwa. Pili, kiwanja kisibadilishwe matumizi. Viwanda vingi vya zamani viko sehemu ambazo leo ni katikati ya mji, na kuna wanunuzi wanaona ghorofa pale unapoona boila.

Utaupataje mkataba? Mara nyingi utaambiwa ni siri. Usikubali haraka. Tanzania Bara na Kenya zote zina sheria ya haki ya kupata taarifa ya 2016, Tanzania taasisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30, Kenya siku 21. Barua yenyewe iwe fupi, kitu kama hiki:

"Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, mimi raia wa Tanzania naomba: (1) nakala ya masharti ya ajira, uwekezaji, uzalishaji na matumizi ya ardhi kwenye mkataba wa mauzo ya kiwanda; (2) orodha ya alama za biashara zilizojumuishwa kwenye mauzo; (3) taarifa ya mwisho ya ufuatiliaji wa utekelezaji wa masharti hayo."

Peleka kwa Msajili wa Hazina, yeye ndo anayeshika hisa za serikali, na hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ona sijaomba mkataba mzima. Ukiomba mkataba mzima unawapa sababu ya kusema kuna siri za kibiashara, ukiomba vipande inakuwa ngumu kwao kukataa vyote. Huku ukisubiri soma ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ya mashirika ya umma, na mtafute mbunge aliye kwenye kamati ya PIC, ile ya uwekezaji wa mitaji ya umma.

Kama wewe ni mfanyakazi

Swali moja linazidi mengine yote: wanauza hisa au wanauza mali? Wakiuza hisa kampuni ni ile ile, mwajiri wako hajabadilika kisheria, miaka yako ya kazi inaendelea. Wakiuza mali, yaani majengo, mashine na jina, kampuni ya zamani inabaki tupu na nyinyi mmebaki kwayo, mnapunguzwa kazi halafu labda mnaajiriwa upya na mwenye mali mpya mkianzia sifuri. Watu wanashangilia "tumechukuliwa wote" kumbe wamepoteza miaka 14 ya utumishi kwa saini moja.

Na kiinua mgongo cha kisheria sio kikubwa kama watu wanavyoota. Tanzania ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Tuseme mshahara wako wa msingi ni 520,000 na mnafanya kazi siku 6 kwa wiki, siku moja inakuwa 20,000. Umefanya miaka 14 ila inahesabiwa 10 tu, kwa hiyo 10 mara 7 mara 20,000, unapata 1,400,000. Ndo hiyo, pamoja na notisi na likizo yako. Kenya ni nafuu, siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka, na mwajiri anatakiwa atoe notisi ya mwezi kwa chama na kwa afisa wa kazi. Kinachoweza kukuinua juu ya hapo ni mkataba wa hali bora, ule ambao chama cha wafanyakazi kinasaini na mwajiri, kwa hiyo kama TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwandani, tawi lenu wamelala, waamsheni kabla ya mauzo, baada ya mauzo mnajadiliana na mtu ambaye hakuwaahidi chochote.

Nenda NSSF au PSSSF ukachukue taarifa ya michango leo, sio siku ya kupunguzwa. Viwanda vilivyoyumba vina tabia ya kukata kwenye mshahara na kutopeleka, hilo ni deni, na kwenye mkataba lazima iandikwe nani analibeba. Barua ya ajira, hati za mshahara, barua za kupandishwa cheo, zote piga picha ujitumie kwenye barua pepe yako. Faili la kiwandani lina uwezo wa ajabu wa kupotea wiki ya makabidhiano.

Na hisa ombeni, msione aibu. Sheria ya Poland ya 1990 iliwaruhusu wafanyakazi kununua mpaka asilimia 20 ya hisa kwa nusu bei, ile ya 1996 ikawapa asilimia 15 bure kabisa. Serikali ikisema jambo hilo halijawahi kufanyika popote, waonyesheni.

Miezi ya mwanzo baada ya kukabidhiwa

Majina ya vipodozi yana maisha marefu kuliko wenyewe. Poland kulikuwa na Miraculum ya Kraków, waliotengeneza manukato ya Pani Walewska kwenye chupa ya bluu iliyoiva toka 1971. Kampuni nyingine ya vipodozi, Kolastyna, ikaja kuinunua Miraculum, mambo yakawaendea mrama, wakaliuza jina lao wenyewe la Kolastyna kwa Wagiriki wa Sarantis na wao wakabaki wanajiita Miraculum. Yaani aliyenunua aliuza jina lake akavaa la kampuni aliyoinunua! Kwa hiyo usifikiri mauzo yakishapita ndo basi, jina linaweza kuuzwa tena bila kiwanda na nyinyi mkasikia kwenye redio.

Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu hivi rudi kwenye daftari la alama za biashara uangalie kama mmiliki ni yule yule. Angalia usajili wa bidhaa TBS pia, toka 2019 vipodozi vya Tanzania Bara viko chini yao, na bidhaa ambayo usajili wake hauhuishwi mara nyingi mwenye nayo hana mpango wa kuizalisha. Geuza kopo tena, "imetengenezwa na" ikibadilika kuwa "imesambazwa na" basi uzalishaji umeshahama hata kama bango la getini ni lile lile. Maabara ikifungwa "kwa matengenezo" uliza matengenezo yanaisha lini na upewe jibu la maandishi. Na watu wa getini wanajua kuliko bodi: magari yakiacha kuleta mapipa ya mafuta na gliserini yakaanza kuleta makatoni yaliyokwisha kufungwa, andika tarehe, piga picha kutoka barabarani sio ndani, halafu ambatanisha kwenye barua ya pili kwa Msajili wa Hazina ukitaja namba ya sharti la uzalishaji ulilojibiwa kwenye ile ya kwanza.